Shika Tepu, Twende Tukapime

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Lakini mara ngapi tumeona rampu kali kama paa, mtu hapandi mpaka asukumwe? Ndiyo maana leo tunajifunza kupima. Kipimo kinachotumika sana: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi zikiwa na kimo cha sentimita 45, rampu iwe mita 5.4. Pima pia mlango na choo. Andika, piga picha. Na usiende bila mwenzetu wa kiti cha magurudumu, yeye ndiye mwalimu. Ukipeleka malalamiko utaambiwa subiri. Peleka vipimo, tuone watasema nini.