Kumchagulia Mzazi Mstaafu Kompyuta: Mada kwa Wakazi wa Makole

Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma, kata kama Makole zimepokea watumishi wengi, na nyuma yao wazazi waliofuata wajukuu. Mtoto mwenye uwezo humnunulia mzee kompyuta. Mara nyingi, baada ya muda, unaikuta sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Tatizo huanzia dukani: muuzaji huulizwa bei kabla mzee hajaulizwa kazi. Mambo mengi ya mstaafu leo humalizwa na simu. LUKU hununuliwa kwa simu, salamu za ukoo hupita WhatsApp, na PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma ulioundwa 2018 wenye makao makuu hapa hapa Dodoma, umewawezesha wastaafu kujihakiki kwa simu janja. Ambaye haja zake zinaishia hapo anunuliwe miwani nzuri na simu ya kioo kikubwa. Lakini mwalimu mstaafu aliye katibu wa kikoba, anayeandika mihtasari na kujumlisha hisa za wanachama, simu itamtesa.

Huyo atafaidi zaidi mtumba wa ofisini kuliko kompyuta mpakato mpya ya bei ya chini. Nyingi za hizo mpya zina RAM ya GB 4 isiyoongezeka na hifadhi ya GB 64, kiwango cha chini kabisa cha Windows 11. Masasisho machache tu, nafasi imejaa. ThinkPad T480 ya Lenovo au Latitude 5490 ya Dell, zote za 2018, zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni: RAM huongezwa, SSD hubadilishwa, na betri ya nyuma ya T480 huchomolewa bila bisibisi.

Prosesa ya Intel iwe ya kizazi cha nane au zaidi. Chini ya hapo Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji anayesifu "hii i7 kabisa" aulizwe kizazi, maana i7 ya kizazi cha nne ni ya mwaka 2013.

Kompyuta ya mezani ina kioo kikubwa, ila umeme ukikatika, muhtasari ambao haujahifadhiwa umekwenda. Heri mpakato, kisha iongezwe monita ya inchi 22 na kipanya cha waya kwa mikono inayotetemeka. Maandishi ya Windows yenyewe hukuzwa hadi asilimia 225, jambo ambalo mafundi wengi hawajisumbui kulionyesha.

Halafu vumbi. Dodoma hukaa karibu bila mvua kuanzia Mei hadi Novemba. Feni huziba, mashine huchemka na kujipunguzia kasi, mzee akaambiwa ina virusi. Ifunguliwe na kupulizwa angalau mara moja kila kiangazi, na kile kitambaa kisiifunike ikiwa inawaka.

Akaunti ya barua pepe iwe ya mzee mwenyewe, nywila ikiandikwa kwenye daftari lake, si kwenye simu ya mjukuu. Na siku anapofundishwa kuwasha, afundishwe pia kwamba ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hupelekwa 15040, namba ya kuripoti utapeli, na kwamba matapeli wa namna hiyo wamo hata kwenye barua pepe.