Mdahalo na Mazungumzo



Katika mdahalo hapa shuleni mnajifunza kushinda. Chuoni mtahitaji pia kusikilizana. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilikumbwa na mizozo ya ubaguzi wa rangi mwaka 1987. Mwaka 1988 kikaanzisha mpango wa mazungumzo baina ya makundi. Waongozaji ni wanafunzi wenyewe, waliopewa mafunzo kwanza. Huongoza wawili wawili, kila mmoja akitoka upande wake. Kazi yao si kuhukumu, bali kuuliza, na kumpa nafasi aliye kimya. Hapana kura wala mshindi.

Mabwenini mwenu mna watu wa makabila na dini mbalimbali. Wenzetu walingoja ugomvi, ninyi msiungoje.