Waliomweka ndio waliomtoa: maneno yetu kwa vijana wa Katanika

Wandugu, kaka na dada, asanteni kwa kuacha kazi zenu na kuja. Wenye kazi, tunasema. Sisi wengine diploma ya chuo kikuu iko ndani ya sanduku, tunauza unite za simu, kwa hiyo nafasi tuko nayo.

Leo tunazungumza juu ya Zoé Kabila. Hatukuja kumtukana wala kumlilia.

Mnajua safari yake. Mdogo wake Joseph Kabila, mbunge wa taifa kutoka Manono, kisha Aprili 2019 gavana wa Tanganyika. Jimbo lenyewe lilikuwa bado changa, lilikatwa kutoka Katanga mwaka 2015, na Katanika yetu ilikuwa imeshapokea maelfu ya watu waliokimbia vita vya Watwa na Waluba. Kazi ilikuwa nyingi.

Sasa, mkono juu: nani hapa alipiga kura ya gavana? Hakuna. Katiba ya 2006 inawapa kura hiyo wabunge wa jimbo peke yao. Na mkumbuke ile miezi. Machi 2019 wabunge wa majimbo walichagua maseneta, na malalamiko ya rushwa yakawa makubwa nchi nzima mpaka Rais Tshisekedi akasimamisha maseneta wasiingie kazini, na kura ya magavana ikasogezwa hadi Aprili. Kisha? Maseneta wakaingia, magavana wakachaguliwa, na waliopiga kura ni wabunge wale wale. Hatusemi Zoé Kabila alinunua mtu. Hatuna ushahidi, na sisi hatusemi bila ushahidi. Tunasema mambo yalifanyika ndani ya chumba, sisi tukiwa inje.

Mei 2021 chumba kile kile kikamwangusha kwa kura ya kutokuwa na imani. Miaka miwili tu! Nini kilikuwa kimebadilika? Barabara zetu? Umeme? Kilichobadilika ni Kinshasa. Desemba 2020 Tshisekedi alivunja mapatano na FCC ya Joseph Kabila, na wabunge wengi wakavuka kwenda Union sacrée. Upepo uligeuka kule, mti ukaanguka hapa Kalemie.

Ile siku wengine wetu walishangilia, wengine walikasirika, hata sisi kwa sisi tuligombana. Lakini tulisahau kuuliza. Kama alitumia vibaya mali ya jimbo, mahesabu yako wapi, na kwa nini wananchi hawakusomewa? Kama hakutumia vibaya, walimtoa juu ya nini?

Baada yake akatawala mama Julie Ngungwa Mwayuma, na mwaka 2024 wabunge wakamchagua Christian Kitungwa Muteba. Maswali yale yale yanawahusu na wao. Majina yanabadilika, mahesabu tunaendelea kuyasubiri.

Ila wabunge wa jimbo ni wetu. Desemba 2023 tulisimama kwenye mstari, tukawapigia kura. Wanakuja kwenye matanga, kwenye mechi, wanatupungia mkono. Basi mbunge akija Katanika, mzee au kijana, msalimie kwa heshima, umwambie: papa, mama, tunaomba mahesabu ya jimbo tangu 2019, yabandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kila mtu asome. Akisema atarudi, mwulize siku gani. Uandike.