Nilikuwa Nikicheza Tu

Masomo: Mithali 26:18-19, Yakobo 1:13

Ninyi mlioko Lamu, Shela na Matondoni, ninyi wa Pate na Faza, nanyi wa Mpeketoni na Witu kule bara, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Asubuhi ya leo nataka kuwasimulia habari ya paka. Habari yenyewe ilianza kwa kicheko, nayo ilikaribia kuisha kwa machozi.

Kila aliyefika Lamu anawajua paka wa mji ule. Ni wembamba, wenye miguu mirefu na masikio makubwa, na wageni wengi huwafananisha na paka waliochorwa na Wamisri wa kale. Vichochoro vya mji ni vyembamba mno kwa magari. Mizigo hubebwa na punda, nao paka hupita watakavyo. Wavuvi wanapoanza kusafisha samaki, wao wamekwisha kufika, wanangoja matumbo na vichwa.

Mmoja wao, dume zima lenye nguvu, alitufuata kutoka pwani hadi nyumbani. Hakuwa mtoto, sikio lake moja lilikuwa na kovu la vita vya zamani. Siku ya kwanza tulimpa kichwa cha samaki. Siku ya tatu alilala juu ya mkeka wetu. Basi akawa wetu.

Jioni, baada ya kazi, nilikuwa nikikaa mkekani na kucheza naye. Nilimpindua chali, nikamtikisa kwa mkono wangu mtupu. Naye aliukumbatia mkono kwa miguu ya mbele, akaupiga mateke kwa miguu ya nyuma, akauuma. Nilipouvuta, alizidi kuushika. Nilicheka, na watoto wakacheka. Mikwaruzo yangu niliwaonyesha wenzangu kazini, kana kwamba ni nishani.

Baadaye paka alianza kutuvizia nyuma ya mlango na kurukia miguu yetu ikipita. Nilicheka tena. Ndipo jioni moja binti yetu mdogo, mwenye umri wa miaka minne, alipomnyoshea mkono ampapase. Paka aliurukia mkono ule kama alivyozoea kuurukia wangu, akazamisha meno. Mtoto alipiga yowe. Nilivua kiatu, nikampiga paka, nikasema kwa hasira, "Kesho namtia katika gunia, nampeleka Manda, nimwache huko huko!"

Mke wangu alikuwa ameinama anaosha kidonda cha mtoto. Hakuinua sauti. Alisema, "Baba watoto, mkono huo unaompiga ndio uliomfundisha."

Sikuwa na jibu.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha tukaenda hospitali usiku ule ule. Hilo nawaomba msilidharau. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Huingiza uchafu ndani, na kidonda hujifunga juu huku kikioza chini. Tena ugonjwa wa kichaa cha mbwa huweza kuwapata paka vilevile, nao dalili zake zikishaonekana kwa mtu, ni nadra sana kupona. Mtoto alianza kuchomwa sindano. Daktari akaniuliza, "Paka yuko wapi? Msimpoteze. Mfungieni ndani, mmwangalie kwa siku 10." Kumbe ningalimtupa Manda, ningalitupa pamoja naye njia ya kujua kama mwanangu yumo hatarini.

Siku 10 zikapita, paka akawa mzima. Hata hivyo hasira yangu haikuwa imekwisha. Nilitoka na gunia kutafuta mtu wa mashua. Barazani alikuwa ameketi jirani yetu, mzee Mwislamu aliyekuwa mvuvi maisha yake yote. Akaniuliza, "Mwalimu, gunia la nini?" Nikamweleza. Nikaongeza, "Mzee, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu amekwisha kukauka."

Mzee akatabasamu. "Mwanangu, paka si samaki. Mchezo wake wote ni kuwinda. Kitu kikikimbia, hukifuata. Kikitulia, humtoka moyoni. Wewe umeufanya mkono wako kuwa panya. Sasa wataka kumwadhibu kwa sababu ameukamata?"

Akachukua kipande kirefu cha ukili, akafunga unyoya wa kuku kwenye ncha, akanipa. "Mchezee kwa huu. Mkono wako usiwe tena wa kuchezea. Uwe wa kulisha na kupapasa tu."

Nilirudi na gunia tupu, tukaanza. Kila jioni, kabla ya chakula, niliuburuta ukili sakafuni, nikauficha nyuma ya mtungi, nikamwacha aurukie na mara nyingine aukamate, kwa maana mwindaji asiyepata kitu hubaki na kiu yake. Baada ya dakika kama 10 nilimpa samaki. Alikula, akajilamba, akalala. Alipousahau ukili na kuushika mkono, hatukuuvuta wala hatukumpiga. Tulitulia kimya, kisha tukaondoka tukamwacha peke yake. Haikuwa kazi ya siku mbili. Palikuwa na wiki aliporudia mambo yake ya kale. Lakini mwezi wa tatu nilimwona binti yangu, ameketi ubavuni mwa mama yake, akimpapasa paka yule kichwani, naye amefumba macho.

Ndugu msikilizaji, katika Mithali sura ya 26 mwandishi anamtaja mtu anayemdhuru jirani yake, kisha anajitetea kwamba alikuwa akifanya mzaha. Mtu huyo anafananishwa na mwenda wazimu anayerusha moto na mishale. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, na kila mara niliwafikiria watu wengine. Sikujua kwamba moto huo niliurusha mimi, nikiwa nimeketi mkekani kwangu.

Hebu tuangalie nyumba zetu. Baba anamwita mwanawe jina la aibu mbele ya wageni, na wote wanacheka. Miaka inapita, kijana anamjibu baba yake kwa dharau ile ile. Ndipo baba anatafuta fimbo. Mume anamtania mkewe juu ya umaskini wa kwao, siku baada ya siku, kisha anashangaa kwamba mke haongei naye tena. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtume Paulo, katika Waefeso 6:4, anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakakasirika. Kuchokoza kwingi huanza kwa kicheko.

Mungu wetu si hivyo. Yakobo anatufundisha kwamba Mungu hamjaribu mtu kwa uovu. Yeye hatufundishi kuuma, kisha akatupiga kwa kuuma. Na wengi wetu hatukuja kwake tukiwa watoto. Tulikuja tukiwa watu wazima, na makovu yetu na tabia zetu za barabarani. Hakusema kwamba tumekwisha kukauka. Alituingiza nyumbani mwake, akatuita wana, na mpaka leo anatufundisha kwa uvumilivu.

Basi wiki hii, kabla ya kumwadhibu mtu wa nyumbani mwako kwa tabia inayokuudhi, jiulize kwanza: Je, alijifunza wapi? Ukiona ni kwako, usione haya kuanza upya. Badili mchezo wako kwanza.

Tuombe. Ee Baba uliye mbinguni, utusamehe kwa mizaha iliyowaumiza wadogo wetu. Utupe mikono ya kulisha na kutuliza. Utufundishe kuvumilia, kama wewe unavyotuvumilia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.