Daftari la Miti Mikubwa: Nani Aandike, na kwa Faida ya Nani?



Mada tuliyokabidhiwa ni kuandika miti mikubwa ya milima yetu ya Usambara na ya nyanda za chini hadi pwani. Wapo watakaouliza jambo hili laihusu nini Tume ya Haki na Amani. Je, kuhesabu miti si kazi ya bwana misitu? Jibu letu ni kwamba kila mti mkubwa umesimama juu ya ardhi, na ardhi hiyo ina watu wanaoila na kuinywa. Sisi wa Tanga mjini tunakunywa maji ya mto Sigi, utokao katika misitu ya Usambara Mashariki.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa barani Afrika umo katika bonde mojawapo la Mlima Kilimanjaro. Ni mkukusu wenye urefu wa mita 81.5. Mti wa namna hiyo haukui kwa siku moja. Ulikuwapo kwa karne kadhaa ukingoja mtu wa kuupima. Basi nani atasema kwa hakika ni nini kilichomo katika mabonde ya kwetu?

Kwetu kumeandikwa mengi tangu zamani. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti pale Amani mwaka 1902, nao wataalamu wa mimea wakaipa miti yetu majina ya Kilatini. Mtambara wa Usambara Mashariki na mkulo wa Lushoto yote miwili hubeba neno “usambarensis” katika jina lake la kitaalamu. Lakini kuandikwa hakukuiokoa. Mkulo ulivunwa sana kwa ajili ya mbao. Katika Usambara Mashariki, misumeno ya mashine ilinguruma katika miaka ya 1970 na 1980, mpaka uvunaji huo uliposimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini, ilitangazwa mwaka 1997. Twaona basi kwamba orodha ya miti yaweza kumtumikia mwenye msumeno sawasawa na inavyomtumikia mlinzi. Yategemea iko mikononi mwa nani.

Hapa hatuna budi kuitaja Derema. Ukanda ule wa msitu, unaoiunganisha Amani na misitu ya kaskazini yake, ulikuwa na mashamba ya iliki ya wananchi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliamuliwa kuwa hifadhi, na wakulima zaidi ya 1,000 wakaguswa. Watu walikuja na madaftari, wakahesabu mashina ya iliki na mazao mengine, na fidia ikakadiriwa kutokana na hesabu hiyo. Hatubishi kwamba msitu ule ulistahili kulindwa; maji yake twayahitaji sote. Lakini mkulima aliyekwisha kuona mashina yake yakihesabiwa, kisha akaambiwa asirudi tena shambani, atamtazamaje mgeni mwingine mwenye kamba na kalamu? Hofu yake si ujinga.

Tena tukumbuke kwamba iliki hupenda kivuli. Mkulima wa iliki alifyeka vichaka vya chini, akaibakiza miti mirefu ya juu. Kwa hiyo baadhi ya miti mikubwa iliyosimama mashambani hadi leo imesimama kwa sababu mkulima aliiacha. Ni kweli kwamba chini yake miche ya msitu haipati nafasi ya kukua, na jambo hilo ni hasara ya kweli; hata hivyo mtunzaji wa mti ule asiandikwe kama mvamizi.

Kwa sababu hiyo twapendekeza daftari liwe la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinavipa vijiji nafasi ya kusimamia ardhi yao na hata kutenga misitu yao ya hifadhi. Mti ulio shambani kwa mtu upimwe kwa ridhaa yake, yeye mwenyewe akiwapo, naye apewe nakala ya kile kilichoandikwa. Mti ulio mahali pa tambiko usiguswe bila wazee. Mahali penyewe palipo na mvule au mkangazi mnene pasibandikwe ukutani wala kutangazwa sokoni, maana wapasuaji wa magendo nao wanajua kusoma.

Upimaji wenyewe si mgumu. Mzunguko wa shina hupimwa kwa kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na penye mteremko mpimaji asimame upande wa juu. Mti wenye mizizi iliyoinuka kama kuta upimwe juu ya kuta hizo, la sivyo mtajivunia unene ambao si wa shina. Mzunguko ukigawanywa kwa 3.14 hupatikana kipenyo: mita 6.28 ni kipenyo cha mita 2. Kamba ya katani, ambayo Tanga hatuikosi, yafaa ikiwa kavu. Ikilowa hubadilika urefu. Urefu wa mti ni kazi ngumu zaidi milimani, na heri kuuacha wazi kuliko kuukisia.

Msichanganye miti. Mbuyu wa pwani utaishinda miti mingi ya mlimani kwa unene, nayo itaushinda kwa urefu. Kila aina iwe na ukurasa wake. Msizi, uliopandwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20 na kusambaa palipokatwa miti ya asili, uandikwe, ila kando, kama mgeni.

Mwisho, jumuiya zitakazoanza zichague watu watatu: mzee ajuaye majina ya miti kwa Kisambaa au Kibondei, kijana mwenye mwandiko mzuri, na mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Daftari likae ofisi ya kijiji, nakala yake parokiani. Mti ukianguka, iandikwe tarehe na sababu. Ukikatwa, liandikwe pia jina la aliyetoa kibali.