Kijiti Kilisema Imejaa

Asubuhi hii hatuna somo refu. Tumekuja kuwaeleza habari ya pikapu ya kanisa letu na ya dereva wake, kwa sababu kosa tulilitenda mbele ya watu, na yafaa tuliungame mbele ya watu.

Sisi twakaa nyanda za juu, upande wa Limuru, penye majani chai na baridi. Mwezi wa Julai ukungu hauondoki mpaka saa nne. Pikapu yetu ni ya petroli, si mpya, na kazi zake zote ni za karibu. Alfajiri huenda kuchota maji, mwendo wa kilomita moja na nusu, kisha huzimwa. Saa mbili hupeleka kuni na maziwa katika shule ya watoto wadogo, huzimwa tena. Adhuhuri huenda sokoni. Siku ya arusi hubeba viti. Siku ya matanga hubeba viti vile vile pamoja na masufuria. Huwashwa mara saba au nane kwa siku, wala haifiki mbali. Mwaka mzima ilikuwa haijatimiza kilomita 4,000, nasi wa halmashauri tulijivunia jambo hilo. Tulisema, gari letu halichoki.

Dereva wetu ni mtu wa makamo, si msemaji. Mapema mwaka 2022 alituambia kwamba oili yataka kubadilishwa. Mweka hazina akafungua kitabu cha gari, akaona imeandikwa kila kilomita 5,000, akamwambia, "Ndugu, bado." Baada ya miezi miwili akarudi. Akasema oili imekuwa nzito, na chini ya kifuniko cha kutilia oili kuna kitu cheupe kama maziwa ya mgando. Tukamwambia bado. Mara nyingine akasema neno lililotuchekesha: "Wazee, oili yaongezeka." Tangu lini oili ikaongezeka ndani ya gari? Tulitoka nje sote, tukachomoa kijiti cha kupimia. Kweli, oili ilikuwa imepita alama ya juu. Mmoja wetu akamwuliza, "Sasa wataka pesa za oili ya nini, nayo imejaa?" Akakifuta kijiti, akakirudisha, akanyamaza.

Mwezi wa Agosti tulipatwa na msiba, tukasafiri kwa pikapu ile mpaka Nakuru. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kwenda mbali hivyo. Wakati wa kurudi, tukipanda mlima baada ya Naivasha, taa nyekundu ya oili ilianza kuwaka na kuzimika. Dereva alisimama mara moja kando ya barabara, akazima injini, akangoja. Wengine wetu tulinung'unika kwa sababu ya giza na baridi. Tulifika nyumbani usiku, polepole sana.

Asubuhi mzee mmoja alichomoa kijiti. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini! Tulitazama chini ya gari, hapakuwa na tone hata moja. Wala njiani hatukuona moshi. Basi ikaulizwa, oili imekwenda wapi? Na kila mtu alikuwa na jibu lake moyoni kabla swali halijaisha. Gari lilikuwa limelala usiku mmoja mjini Nakuru, na dereva alilala ndani yake.

Siku ya mkutano tulifungua kwa maombi, tukamhukumu ndugu yetu, tukafunga kwa maombi. Hakuna aliyekuwa amemwendea peke yake kwanza, ingawa twafundisha hivyo kila mwaka katika darasa la wanaobatizwa. Alisema neno moja tu, "Sikuiuza," akaweka ufunguo mezani. Jumapili zilizofuata alikaa kiti cha nyuma kabisa. Mke wake aliacha kuja mkutano wa akina mama wa siku ya Alhamisi. Nasi tuliona kimya chao kuwa ni ushahidi.

Tukampa kijana mwingine ufunguo, tukaongeza oili kidogo, kazi ikaendelea. Hazikupita wiki tatu, injini ikaanza kugonga juu kila ikiwashwa alfajiri, na ile taa nyekundu ikarudi. Ndipo tulipoipeleka kwa fundi mmoja wa pale sokoni.

Fundi alifungua kava ya tapeti mbele yetu. Msikilizaji, hatukuona chuma. Tuliona tope jeusi, zito kama lami iliyoanza kuganda, limejaza kila pembe. Akalichota kwa bisibisi, likasimama juu ya bisibisi bila kudondoka. Akauliza ni lini oili ilibadilishwa. Tukatazamana.

Akatueleza, nasi twawaeleza kama tulivyosikia, maana wengi wenu mna gari la shule au la zahanati linalofanya kazi kama hii. Petroli ikichomwa hutoa mvuke wa maji, tena si kidogo: lita moja ya petroli hutoa maji yapata lita moja. Mengi hutoka kwa ekzosi. Lakini sehemu ndogo hupenya kando ya ringi za pistoni, pamoja na petroli ambayo haikuungua na masizi, na kushuka katika oili. Injini ikiwa na moto wa kutosha, maji yale na petroli ile hugeuka mvuke tena, hutoka kwa mpira wa kupumulia, na oili hubaki oili. Lakini injini iliyowashwa kwa dakika tano na kuzimwa haijapata moto huo. Maji ya rejeta hutangulia kupata moto, oili huja nyuma sana. Basi maji hubaki ndani, huchanganyika na oili, na kuwa ule mgando mweupe wa chini ya kifuniko. Pamoja nayo huzaliwa asidi inayokula chuma. Dawa zilizotiwa katika oili kiwandani ili kuzuia uchafu huisha nguvu. Baada ya miezi, masizi na oili iliyochakaa hushikana na kuwa tope.

Mzee mmoja akauliza kama ule weupe hauwezi kuwa maji ya rejeta yanayovuja ndani. Fundi akasema swali ni jema: mkiona weupe, pimeni kwanza maji ya rejeta kila asubuhi. Yakipungua bila kuvuja nje, huenda gasketi ya juu imekufa, nao ni ugonjwa mwingine. Ya kwetu hayakuwa yamepungua.

Ndipo mwenyekiti akauliza lile lililotuleta wote pale, ijapokuwa hatukulitaja. Oili iliyojaa kupita alama ilipoteaje safarini? Fundi alicheka kidogo. Akasema, "Wazee wangu, hiyo haikuwa oili yote. Mlikuwa mmejaza petroli na maji. Mlipokwenda Nakuru injini ikapata moto kwa saa nyingi, petroli na maji vikatoka kama mvuke. Kilichobaki ndicho oili yenu, na ilikuwa kidogo." Tena akasema tope lilikuwa limeziba chujio la chini, lile ambalo pampu hunyonyea oili, na ndiyo sababu taa iliwaka mlimani. "Aliyezima injini pale pale ndiye aliyewaokolea gari. Angaliendelea kupanda, mngalirudi mmefungwa kamba."

Hatukujua la kusema. Mweka hazina alitoka nje akasimama peke yake.

Kulikuwa na jambo jingine. Fundi alipofungua mahali pa thamostati, hakuikuta. Hiki ni kidude kidogo kama kizibo kinachozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto. Zamani mtu aliiondoa ili gari lisichemke, kama wengi wafanyavyo. Pwani kwenye joto pengine hutaona hasara yake upesi. Kwetu, na baridi ile, injini ilikuwa kama chungu kilichotelekwa juu ya moto na huku mtu anakimwagia maji baridi. Hata hicho kitabu tulichokuwa tukimsomea dereva, fundi alikifungua ukurasa unaofuata. Palikuwa pameandikwa kwamba gari la safari fupi, au la vumbi, au linalokaa likinguruma bila kwenda, libadilishwe oili kwa nusu ya kilomita zile, au kwa miezi, lolote litakalotangulia. Ukurasa ule tulikuwa nao siku zote.

Mmoja wetu alitaka tumalize upesi kwa kumwaga mafuta ya taa ndani ya injini na kuinguruma mpaka tope liyeyuke. Fundi alikataa kabisa. Tope likimomonyoka kwa mabonge, bonge moja laweza kuziba chujio, na injini ikafa siku hiyo hiyo. Alifungua sampu kutoka chini, akakwangua, akaosha chujio na sampu kwa mafuta ya taa vikiwa nje ya gari, akazibua mpira wa kupumulia, akatia thamostati mpya, filta mpya na oili mpya ya namba iliyoandikwa kitabuni. Beringi mbili zilikuwa na mikwaruzo, akazibadilisha. Baada ya wiki mbili alimwaga oili ile mpya, nayo ilikwisha kuwa nyeusi, maana oili njema husafisha polepole. Akaimwaga tena baada ya mwezi pamoja na filta. Fedha zilizotumika zilikuwa za mabati ya darasa la tatu. Kopo la oili kila miezi minne lisingefika hata robo yake.

Jioni ile ile tulikwenda nyumbani kwa dereva, sote saba wa halmashauri. Mkewe alitukaribisha, akatupa chai, wala hakuketi nasi. Mwenyekiti akasema, "Ndugu yetu, tulikukosea. Oili hukuiba, nasi tulikuwa tumekwisha kukuhukumu." Yeye aliinama muda mrefu, kisha akaingia chumbani akatoka na daftari la mtoto la hesabu. Ndani yake alikuwa ameandika tarehe tano. Kila tarehe, jina la mzee aliyemwomba oili, na jibu alilopewa. Hakulisoma kwa sauti. Alitupa tu tulipokezane. Mashemasi wawili na mwenyekiti mwenyewe walijiona humo.

Jumapili tulisimama mbele ya ushirika wote na kusema hayo kama tulivyoyasema nyumbani kwake, bila kuyapunguza. Alisamehe. Mkewe alirudi kwenye mkutano wa Alhamisi baadaye sana, wala hatumlaumu.

Siku hizi maji na kuni huchukuliwa kwa safari moja asubuhi badala ya mbili, na gari halingurumi tena likingoja watu. Kila Jumamosi dereva huteremka nalo mpaka Mai Mahiu na kupanda tena, injini ipate moto hasa. Hawendi bure. Huwabeba wazee na akina mama wanaotaka kuwaona jamaa zao kule chini, na foleni yao huanza saa moja.

Alikubali kushika ufunguo kwa sharti moja. Kila aombapo oili huandika katika daftari, na mweka hazina hutia sahihi. Akikataa, aandike sababu kwa mkono wake mwenyewe. Juma lililopita alikuja nalo ofisini, gari likiwa limetembea kilomita 1,100 tu tangu oili ya mwisho. Mweka hazina aliangalia tarehe, akachukua kalamu, akatia sahihi.