LORI LIKITOA MOSHI MWEUSI, TUTAZAME TABO KABLA YA DEREVA

(Mazungumzo ya fundi wa lori mbele ya mkutano wa wanachama, Liuli)

 

Nimeitwa nieleze kwa nini lori letu limekunywa dizeli nyingi msimu huu na kushindwa mlima na magunia yetu. Maneno yamezagaa kwamba dereva anauza mafuta njiani, na posho yake imezuiwa. Mimi nimelifungua lori. Nasema nilichokiona.

Kwanza tuijue tabo. Akina mama mnajua, jiko la mkaa bila kupepewa halishiki moto. Tabo ndiyo inayoipepea injini. Ina magurudumu mawili madogo kwenye shafti moja. Moshi unaotoka huzungusha la kwanza, la pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, aliandikisha uvumbuzi huu mwaka 1905. Shafti hiyo yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo inaelea juu ya oili tu. Oili ikikosekana hata sekunde chache, vyuma vinaanza kulana.

Sisi tunatoka ufukweni, ambako ziwa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, tunapanda Mbinga kwenye zaidi ya mita 1,000. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi. Basi ugonjwa wa tabo hujificha huku chini, ukaumbuka mlimani na mzigo.

Dalili zake ni hizi:

1. Moshi mweusi na gari halivuti. Dizeli ni nyingi, hewa ni kidogo. Tazama chujio la hewa, mipira ya hewa na klipu zake, halafu nozeli.

2. Moshi wa buluu. Oili inaungua. Huenda sili za tabo zimekwisha, au bomba la kurudisha oili limeziba, au ni ringi za pistoni.

3. Mlio mkali kama king'ora. Hewa inavuja, au gurudumu linakwaruza ukuta.

Kukagua, zima injini, iache ipoe. Toa mpira wa hewa, shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kwa pembeni si kosa. Ikicheza mbele na nyuma ukasikia mkononi, au gurudumu likigusa ukuta, tabo hiyo imekwisha. Injini ikiwa inaunguruma usitie kidole hapo, utakiacha.

Sasa nilichokiona. Shafti ni nzima. Lakini mpira unaotoka kwenye tabo umepasuka chini ya klipu, mahali jicho halifiki. Hewa ilitokea hapo. Dereva anakanyaga, pampu inamwaga dizeli, hewa haitoshi, dizeli inatoka moshi. Ndugu zangu, mafuta yetu hayakuuzwa. Yalipita kwenye bomba la moshi, tukiyaona kwa macho yetu.

Na kosa ni langu. Mwezi uliopita niliukagua mpira ule kwa nje tu, sikulegeza klipu.

Tangu leo tufuate haya:

– Ukiwasha, usikanyage mafuta mpaka geji ya oili ipande.
– Ukimaliza mlima, usizime papo hapo. Acha iungurume taratibu dakika tatu mpaka tano. Ukizima tabo ikiwa nyekundu, oili inaungulia ndani na kuziba njia.
– Oili na chujio lake zibadilishwe kwa wakati. Oili chafu ndiyo sumu ya tabo.
– Chujio la hewa litazamwe kila wiki wakati wa vumbi.
– Tabo ikifa, tusinunue nyingine kabla ya kujua kilichoiua, maana nayo itakufa. Tukifunga mpya, tuitilie oili kwanza, na mabomba ya oili yasafishwe.

Mpira mpya umefungwa. Jana lori limepanda na mzigo, moshi hauonekani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano umrudishie dereva posho yake, na waliomsema wamwambie pole hapa hapa, mbele ya watu. Mimi naanza: ndugu yangu, niwie radhi.